Jesse Boot: Mtoto wa kibarua wa shamba aliyeigeuza kazi ya ufamasia

KIJANA anayetaka kusomea ufamasia huulizwa na wazazi wake maswali matatu. Mshahara utakuwa kiasi gani? Atakuwa anatoka kazini saa ngapi? Na je, kazi yenyewe itamridhisha, au atasimama nyuma ya kaunta maisha yake yote akihesabu vidonge?

Maswali hayo yana umri mrefu. Yaliulizwa nchini Uingereza zaidi ya miaka 130 iliyopita, na mtu mmoja aliyechangia sana kubadilisha majibu yake hakuwa na cheti cha ufamasia. Alikuwa mtoto wa kibarua wa shamba, aliyeacha shule akiwa na miaka 13 ili amsaidie mama yake mjane kuuza mitishamba. Jina lake ni Jesse Boot, mwanzilishi wa maduka ya dawa ya Boots.

Safu hii inamleta kwa wasomaji wake, wakulima na wafanyabiashara wadogo, kwa sababu alianza na kibanda cha biashara kama walivyoanza wengi wetu. Alijenga kampuni kubwa, lakini pia alilipa gharama ambayo haionekani kwenye vitabu vya hesabu.

Alikotokea

Baba yake, John Boot, alikuwa kibarua wa mashambani katika eneo la Radcliffe-on-Trent, karibu na mji wa Nottingham. Kazi hiyo ilikuwa na ujira mdogo, na mwili wa John haukuwa na nguvu za kuimudu kwa muda mrefu. Alikuwa na jambo moja lililomsaidia: aliyajua majani na mizizi ya dawa, elimu aliyoipata nyumbani. Mwaka 1849 alihamia mjini na kufungua duka dogo la mitishamba katika mtaa wa Goose Gate. Wateja wake walikuwa maskini wenzake, watu wa viwandani wasiokuwa na uwezo wa kumlipa daktari.

Jesse alizaliwa tarehe 2 Juni, 1850. Akiwa mdogo alikuwa akifuatana na baba yake kwenda nje ya mji kuchuma majani ya dawa, hivyo kabla ya kujifunza hesabu za duka alijifunza bidhaa yenyewe inatoka wapi. Mwaka 1860 baba yake alifariki dunia, Jesse akiwa na miaka 10. Mama yake, Mary, hakulifunga duka. Aliliendesha kwa msaada wa ndugu na marafiki, na miaka mitatu baadaye kijana aliacha shule akaingia kazini moja kwa moja.

Kuanzia hapo shule yake ilikuwa kaunta. Usiku, baada ya kufunga, alijisomea mambo ya dawa. Mwaka 1871 alifanywa mbia wa mama yake, na mwaka 1877 akaanza kuliendesha duka peke yake.

Ufamasia wa zama zile

Ili tuelewe alichokifanya Jesse, lazima tujue kazi ya ufamasia ilikuwaje. Kijana aliyetaka kuwa mfamasia aliwekwa chini ya bwana mwenye duka kwa miaka kadhaa kama mwanagenzi. Mara nyingi mzazi ndiye aliyelipa ada ili mwanawe apokelewe. Kijana alifagia, aliosha chupa, alitwanga dawa na kupeleka mizigo. Wengi walilala hapo hapo dukani, juu au nyuma, na chakula na malazi vilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo yao.

Akishafaulu mitihani alibaki kuwa msaidizi mwenye mshahara mdogo, akisubiri siku atakapopata mtaji wa kufungua duka lake. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto ya kila mmoja. Asiyekuwa na urithi wala mkwe mwenye fedha aliweza kuzeeka akiwa msaidizi.

Saa za kazi zilikuwa za kutisha. Maduka yalifunguliwa asubuhi na mapema na kufungwa usiku, siku 6 kwa wiki. Mwaka 1886 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalinda vijana wa madukani wasiotimiza miaka 18, na kinga yenyewe ilikuwa kwamba wasifanye kazi zaidi ya saa 74 kwa wiki, zikiwemo saa za kula. Mtu mzima hakuwekewa kikomo chochote. Nusu siku ya mapumziko kila wiki kwa wafanyakazi wote wa madukani ilikuja kisheria mwaka 1911.

Na bei je? Wenye maduka ya dawa walizoea kuuza kidogo kwa faida kubwa. Mgonjwa maskini alipopewa cheti na daktari, mara nyingi alikitazama tu.

Peni moja kwa ratili

Mwaka 1877 Jesse alitangaza katika gazeti la mjini orodha ya bidhaa 128 alizozipunguza bei. Mfano unaokumbukwa zaidi ni chumvi ya haluli, ile inayoitwa pia chumvi ya Epsom. Wenzake waliiuza peni moja kwa wakia. Yeye aliinunua kwa shehena na kuiuza peni moja kwa ratili. Kwa kuwa ratili moja ina wakia 16, mteja alipata kwa peni moja kitu ambacho kwingine kingemgharimu peni 16.

Masharti yake yalikuwa mawili: fedha taslimu, na hakuna kukopesha. Wafanyabiashara wetu wanaojua uzito wa daftari la madeni wataelewa mara moja. Fedha iliyoingia asubuhi ilikwenda kununua mzigo mwingine jioni, na kwa kuwa alinunua kwa wingi na kulipa papo hapo, wauzaji wa jumla nao walimpunguzia bei.

Tuiweke hesabu hii katika shilingi zetu, kwa mfano tu. Duka la kwanza linauza vitu 10 kwa siku na kupata faida ya Sh500 kwa kila kimoja. Jioni lina Sh5,000. Duka la pili limepunguza faida hadi Sh150, lakini linauza vitu 60. Jioni lina Sh9,000. Sasa tuseme gharama ya kumweka mfamasia mwenye cheti ni Sh6,000 kwa siku. Duka la kwanza haliwezi kumlipa. Duka la pili linamlipa na kubakiwa na Sh3,000. Hapo ndipo penye siri ya Jesse Boot: bei ya chini ilileta watu, na watu wengi walilipa mshahara wa mtaalamu.

Hesabu hiyo ina mtego. Inafanya kazi tu kama wateja wapo wengi na njia ya kuwafikia ipo. Nottingham ulikuwa mji wa viwanda uliojaa watu wenye ujira wa kila wiki. Mwenye duka katika kijiji cha kaya 50 akipunguza bei namna hiyo, atamaliza mtaji kabla hajapata wateja 60.

Mfamasia anakuwa mwajiriwa

Kikwazo kilichobaki kilikuwa sheria. Sheria ya Famasi ya mwaka 1868 iliruhusu watu waliosajiliwa peke yao kuuza sumu na kutumia jina la mfamasia. Jesse hakuwa amesajiliwa. Lakini mwaka 1880 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba kampuni si mtu kwa maana iliyokusudiwa na sheria ile. Kwa hiyo kampuni iliweza kufanya biashara ya dawa ili mradi kazi yenyewe ifanywe na mtu mwenye sifa.

Jesse aliuona mlango uliofunguka. Mwaka 1883 alisajili kampuni, na mwaka 1884 akamwajiri mfamasia wake wa kwanza mwenye cheti, Edwin Waring. Gharama ya kutengenezewa dawa kwa cheti cha daktari katika duka lake ilishuka hadi karibu nusu ya ile ya maduka mengine. Mwaka huo huo alifungua matawi katika miji ya Lincoln na Sheffield.

Wenye maduka ya dawa walikasirika, na hasira yao haikuwa ya wivu mtupu. Walikuwa wamelipa ada, wamevumilia miaka ya uanagenzi na kufanya mitihani, na sasa mtu asiye na cheti alikuwa akiwanyang'anya wateja mtaa kwa mtaa. Wengine walidai kwamba dawa za bei rahisi lazima zimechakachuliwa. Mwaka 1888 Jesse aliipa kampuni jina lenye maana ya dawa safi, Boots Pure Drug Company, na ni wazi jina hilo lililenga kuwajibu watu wa aina hiyo. Mwaka 1896 wapinzani waliunda chama cha kulinda bei, ambacho kiliwataka watengenezaji wa dawa za chapa wasimuuzie mtu anayeuza chini ya bei iliyopangwa. Jesse alizidi kutengeneza bidhaa zake mwenyewe.

Kwa upande wa wafamasia wasiokuwa na mtaji, mambo yalikuwa tofauti. Kwa mara ya kwanza kijana aliyefaulu mitihani aliweza kupata mshahara wa uhakika na hata kupanda kuwa meneja wa tawi bila kukopa fedha za kufungua duka. Alichopoteza ni uhuru. Bei zilipangwa Nottingham, bidhaa zilichaguliwa Nottingham, na maagizo ya mkuu yalifika kwa barua. Mvutano huu wa mshahara wa uhakika dhidi ya kuwa bosi wa duka lako haujaisha katika taaluma hiyo mpaka leo.

Sheria ya mwaka 1908 iliziba pengo lililokuwa limebaki. Kampuni za dawa zilitakiwa kuwa na msimamizi mwenye sifa za ufamasia, na kila tawi kuwa na mtu wa aina hiyo. Biashara ikabaki kwa mwenye mtaji, na dhamana ya dawa ikabaki kwa mtaalamu.

Mwili unadai deni

Mtu aliyewapa wengine ajira hakujipa mapumziko. Jesse alifungua duka, alihudumia wateja, alinunua mzigo, aliandika matangazo na kufunga hesabu usiku. Kufikia mwaka 1885 alikuwa na miaka 35, amechoka na anaumwa, akafikia hatua ya kufikiria kuiuza biashara. Alishauriwa kwenda kupumzika, akaenda kisiwa cha Jersey.

Huko alikutana na Florence Rowe, binti wa mwenye duka la vitabu, naye alikuwa ameikulia biashara kama yeye. Walifunga ndoa mwaka 1886 na hadithi ya kuuza kampuni ikasahaulika kwa muda. Florence hakukaa nyumbani kusubiri matumizi. Alianzisha uuzaji wa vifaa vya kuandikia, picha na zawadi katika maduka makubwa, na mwishoni mwa miaka ya 1890 ikaanzishwa maktaba ya kuazima vitabu ndani ya maduka. Mteja aliyekuja kurudisha kitabu alipita mbele ya dawa na sabuni.

Florence pia aliona jambo ambalo mumewe, kwa haraka zake, hakuliona. Wasichana wengi wa kampuni walifika kazini asubuhi bila kula chochote. Aliagiza wapewe kikombe cha kakao ya moto kabla ya kuanza kazi. Baadaye vikaja vilabu vya michezo, matembezi ya pamoja na, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mtumishi wa kushughulikia hali za wafanyakazi. Mwaka 1920 kampuni ilifungua shule kwa ajili ya vijana wake, waliosoma kwa sehemu ya wiki huku wakiendelea kuwa kazini. Kwa mtu aliyeacha darasa akiwa na miaka 13, hatua hiyo haikuwa ndogo.

Kampuni ilikua kwa kasi. Mwaka 1914 ilikuwa na maduka zaidi ya 500. Vita ilipoanza, Uingereza iligundua kwamba ilikuwa ikitegemea Ujerumani kwa kemikali nyingi za dawa. Viwanda vya Boots vikaanza kutengeneza aspirini na dawa nyingine zilizokuwa zikiagizwa kutoka nje.

Jesse mwenyewe wakati huo alikuwa hawezi tena kutembea. Baridi yabisi ilikuwa imeshika viungo vyake mwaka baada ya mwaka mpaka akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Alipewa heshima na Mfalme mwaka 1909, lakini kalamu ilimshinda kushika vizuri. Aliendelea kuendesha kampuni kutoka kwenye kiti.

Kuuza, na kumwamini mtoto

Mwaka 1920 aliiuza kampuni kwa Louis Liggett, mfanyabiashara wa dawa wa Marekani, kwa pauni milioni 2.25. Ugonjwa ulikuwa sababu moja. Nyingine ni kwamba hakuamini kuwa mwanawe, John, angeweza kuiongoza. Mzee aliyekuwa amezoea kuamua kila kitu hakuwa amemwandaa mrithi wa kuamua chochote.

Fedha nyingi alizopata alizirudisha Nottingham. Alitoa ardhi ya Highfields na kugharimia majengo mapya ya chuo kikuu, yaliyofunguliwa na Mfalme George wa Tano mwaka 1928. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nottingham mwaka 1948. Mwaka 1929 alipewa cheo cha ulodi, akaitwa Lord Trent. Alifariki dunia huko Jersey tarehe 13 Juni, 1931.

Yule mwanawe asiyeaminiwa alikuwa ameshakuwa mwenyekiti wa kampuni tangu mwaka 1926, chini ya Wamarekani. Mwaka 1933 wenye fedha wa Uingereza waliinunua kampuni na kuirudisha nyumbani, John akiendelea kuiongoza. Mwaka huo huo lilifunguliwa duka la 1,000, na kiwanda kipya huko Beeston kikaanza kazi.

Kiwanda hicho kilikuwa na ufanisi mkubwa kiasi kwamba kazi iliyokuwa ikichukua siku 5 na nusu sasa ilimalizika mapema. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na viwanda vingine vilikuwa vikipunguza watu. John Boot alichagua njia nyingine. Mwaka 1934 alijaribu kuwapa wafanyakazi wa kiwandani mapumziko ya Jumamosi bila kuwakata mshahara. Utoro ulipungua, uzalishaji haukuanguka, na mpango ukawa wa kudumu. Boots ikawa miongoni mwa kampuni za kwanza kubwa za Uingereza kuwa na wiki ya siku 5.

Lazima tuseme pia kwamba nafuu hiyo ilikuwa ya kiwandani. Wafamasia na wauzaji wa madukani waliendelea kufungua Jumamosi, kwa sababu mteja ndipo anapopata nafasi ya kuja. Hata leo, anayechagua duka la dawa anachagua na saa zake, na anayetaka saa za ofisi humtazama mwenzake wa kiwandani au maabara.

Brufeni ilivyotoka kwenye kaunta

Mfano mzuri wa uchaguzi huo ni Stewart Adams. Akiwa na miaka 16 aliingia duka moja la Boots kama mwanagenzi. Kazi ya kaunta haikumtosha, lakini ilimfungulia njia. Alikwenda kusoma ufamasia Nottingham, katika chuo kile kile kilichojengwa kwa fedha za Jesse, kisha akarudi Boots kama mtafiti. Kazi yake na ya mwenzake, mkemia John Nicholson, ilizaa ibuprofeni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1969 ikaanza kutumika Uingereza. Sisi tunaifahamu kwa jina la brufeni, na ni nadra kukuta duka la dawa lisilo nayo.

Ugonjwa ambao Adams alikuwa akiutafutia dawa ni baridi yabisi, ule ule uliomweka Jesse Boot kwenye kiti cha magurudumu. Zilimchukua miaka mingi na majaribio mengi yaliyoshindwa kabla ya kufanikiwa.

Ya kuzingatia

Kwanza, bei ya chini ni mkakati kwa mwenye wateja wengi na mzigo unaotembea. Piga hesabu ya watu wanaoweza kukufikia kabla ya kubandika tangazo la punguzo. Hili linawahusu wenye maduka ya pembejeo na dawa za mifugo sawasawa na wa dawa za binadamu.

Pili, mtaalamu ana gharama, lakini anaweza kujilipa. Jesse alikua haraka zaidi baada ya kumwajiri mtu mwenye cheti ambacho yeye hakuwa nacho. Mfanyabiashara anayeona uchungu kumlipa bwana shamba, daktari wa mifugo au mfamasia, na badala yake kumweka shemeji asiyejua dozi, anahatarisha wateja na leseni yake.

Tatu, mshahara peke yake haumshiki mtu kazini. Kakao ya asubuhi ilikuwa ya gharama ndogo, na Jumamosi ya mapumziko haikupunguza uzalishaji. Msimu wa mavuno ukifika, uji wa saa 4 na saa ya kutoka inayojulikana huweza kukubakizia vibarua wazuri ambao jirani yako anawatafuta.

Mwisho, andaa mrithi mapema. Jesse alijua bei ya kila chupa, lakini hakumjua mwanawe. Mpe kijana funguo za duka kwa wiki moja mwaka huu, mwezi mmoja mwaka ujao, na mkague hesabu pamoja. Akikosea ukiwa hai, utamrekebisha.